Hukumu Iliyokatizwa na Mvua

Ipagala, Dodoma
Jumatatu

Mdogo wangu mpendwa Loisi,

Nakusalimu kwa upendo. Natumaini mguu umepungua uvimbe na kwamba dawa unazimeza kama ulivyoelekezwa, si kama unavyopenda. Sisi hapa tu wazima, ila mimi situlii. Naketi, nasimama, nakwenda hadi getini, narudi. Ningekupigia simu, lakini wewe simu huiweka sauti ya juu nyumba nzima ikasikia, na jambo hili ni letu wawili.

Unajua kwamba mjukuu wetu Erica amechumbiwa na Anthony, kijana wa Nkuhungu, fundi umeme katika ujenzi wa uwanja wa ndege kule Msalato. Barua ya posa tulikwisha kuijibu. Yalibaki mazungumzo ya mahari. Ndipo Tereza, bibi yake Anthony, akauliza habari za ukoo wetu, kama ilivyo ada. Alipolisikia jina la baba yetu, Abeli Chilewa, aliweka kikombe chini. Akamwambia mshenga kwamba ng'ombe wabaki zizini, mjukuu wake haoi kwa wauaji. Alisema alipokuwa msichana alimwona Abeli kizimbani kwa macho yake, ana pingu mikononi, akihukumiwa kunyongwa.

Wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni, kwa hiyo acha nikueleze. Baba alikuwa akipakua mizigo bandarini Dar es Salaam. Watu wa sinema waliupenda uso wake, wakampa nafasi ya mshtakiwa katika filamu ya kesi ya mauaji. Baadaye gari la sinema lilifika kijijini kwetu, wakatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala la karanga. Gari lile lilikuwa limezoea kuleta mambo ya kweli: namna ya kuogesha ng'ombe, namna ya kupanda mtama kwa mistari, viongozi wakikagua gwaride. Watu, Tereza akiwa mmoja wao, walipomwona jirani yao mbele ya jaji, walidhani hiyo pia ni habari. Jaji alipotamka hukumu, mvua ilishuka, watu wakakimbia, na gari likaondoka lisije likakwama mbugani.

Baba aliporudi likizo akiwa hai, walisema ametoroka. Alieleza mpaka akachoka. Walimwuliza ni mchezo gani huo ambao mtu mzima anatoa machozi ya kweli. Ndiyo sababu tulihamia mjini.

Nilimwendea Tereza mwenyewe, nikamfafanulia tofauti iliyopo kati ya mwigizaji na mshtakiwa. Alinisikiliza kwa heshima. Kisha akasema kwamba mimi ni mwalimu, sawa, lakini nisiyafundishe macho yake kazi. Akaongeza kwamba maneno hayohayo baba yetu aliyasema zamani, na yeye aliyasema vizuri zaidi. Tangu siku hiyo Erica akawa anapakua chakula chake na kwenda kula chumbani.

Nilimkumbuka Nurjehan, binti wa marehemu Kassamali aliyekuwa na jumba la sinema mjini. Nilimfundisha Kiswahili, na hadi leo akinipa shikamoo huziangalia sentensi zake. Nilipomwuliza habari za filamu ile, alinijibu kwamba mikanda yote ya zamani ameihamishia kwenye kompyuta, maana baba yake hakuwa mtu wa kutupa hata tiketi iliyochanika.

Loisi, nimemwona baba. Picha haina rangi, ina mikwaruzo, lakini jasho linaonekana kwenye paji la uso wake. Aliyeigiza jaji, kwa simulizi za Kassamali, alikuwa karani wa reli. Aliyeigiza mjane wa mtu aliyeuawa alikuwa muuguzi. Wakili anakosea upatanisho wa kisarufi karibu kila asimamapo, nikavumilia. Na baada ya ile hukumu, filamu inaendelea. Rufaa inasikilizwa, mjane anakiri kwamba alimsingizia mtu asiye na hatia, na baba anafunguliwa pingu. Halafu yanapita majina ya waigizaji, la baba likiwa la pili.

Jana tuliipeleka kompyuta sebuleni kwa Tereza. Jaji alipohukumu, Tereza alinitazama kama mtu aliyekwisha kushinda. Akataka kuinuka. Nurjehan alimwomba avumilie kidogo. Alitazama hadi pingu zilipofunguliwa, akajifuta macho kwa upindo wa kitenge chake. Akasema kumbe walimwachia. Kumbe wao walipokimbia mvua, huku nyuma mzee wa watu aliachiwa. Alimlaumu sana yule mjane, akataka kujua kama bado yuko hai, kwa kuwa ana maneno ya kumwambia. Kisha akanigeukia mbele ya mshenga, akaniuliza kama ni kweli mahakama ilimwachia baba yangu.

Nurjehan alinitazama, akaifunga kompyuta kabla majina hayajaanza kupita.

Nilijibu kwamba ndiyo, ilimwachia.

Tereza akaagiza chai, akaniita mkwe. Jana jioni Erica alikula mezani pamoja nami.

Sasa unajua kinachonisimamisha na kunikalisha. Baba alikufa akisema hakuwahi kushtakiwa na mtu yeyote, nami mwanawe nimekiri kwamba alishtakiwa. Mahari inapangwa Jumamosi. Tereza ametaka nirudie maneno yale mbele ya wazee wa pande zote mbili, ili yasisemwe mengine tena. Nitayarudia. Nikisema ni sinema tu, atasikia sauti ya baba, na hakumwamini baba.

Utakuwapo, nawe ni mtoto wake kama mimi. Maisha yangu yote nimewasahihisha watu, wewe ukiwa wa kwanza. Jumamosi, tafadhali, usinisahihishe.

Msalimie mwanao Denis na mkewe, na usipande basi bila kufunga mguu. Chumba chako kimekwisha kufagiliwa.

Ni mimi kaka yako,
Sostenes Chilewa