Hylke na sindano za ganzi

Jeltje shoga yangu, nataka kutapika. Huyu mume wangu atanimaliza.

Unajua miaka tisa Hylke amemkwepa daktari wa meno. Leo nimemburuta. Kapigwa sindano mbili za ganzi, moyo ukamwenda mbio, jasho, uso mweupe pee. Daktari anamwambia, "Tulia baba, ni dawa tu, itapita." Yeye kaning'ang'ania mkono: "Tineke, nakufa."

Hakufa. Jino limezibwa. Daktari kasema wazi asile kitu mpaka ganzi iishe.

Nimeenda chooni dakika mbili. DAKIKA MBILI. Natoka namkuta kwenye kibanda cha samaki nje ya kliniki, kashika samaki mbichi kwa mkia kama walavyo huku, anajishushia mdomoni na vitunguu.

"Nilisikia kizunguzungu, mke wangu. Tena wa leo mlaini, anatafunika."

Jeltje, Hylke alishammeza samaki. Alichokuwa anatafuna ni mdomo wake mwenyewe. Damu na vitunguu mpaka kwenye kola, na bado anatafuna, ananitabasamia.

Tumerudi ndani. Daktari kasema huo mdomo lazima ushonwe.

"Kwa ganzi?"

"Kwa ganzi, baba. Sindano tatu."

Kaninyooshea mkono nimshike, unanuka samaki.

Nimeushika kwa tishu.