Kiti cha Kulia cha Leona

Winkler, Manitoba
Septemba 24

Kwako dada yangu mpendwa Aganetha,

Pokea salamu zangu nyingi katika Bwana. Natumaini barua hii inakukuta mzima, nyonga imetulia, na ngazi za nyumba yako unazishuka mwenyewe bila kumngoja jirani. Sisi huku hatujambo. Jalidi imeshapita bustanini mara mbili. Viazi nimevichimba vyote peke yangu kwa ubishi wangu, na mgongo ukaniadhibu siku tatu. Zile mbegu za vitunguu ulizonipa zimezaa vitunguu vikubwa kama ngumi ya Kurt, na ngumi za mkwe wangu unazijua.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu. Tumezoea kupigiana simu kila Jumapili baada ya ibada, wewe ukiwa huko Saskatchewan na mimi hapa, tukiwasema wachungaji na kuulizana hali ya hewa. Lakini hii ni Jumapili ya pili simu yako inaita mpaka inachoka. Sikulaumu. Binti yangu Denise amenieleza mlivyozungumza, na ninayotaka kukuambia hayasemeki kwenye simu. Nimekaa mezani tangu asubuhi, chai imepoa mara mbili. Tafadhali usome mpaka mwisho, hata kama katikati utanichukia.

Nianze na habari njema. Mjukuu wetu Leona ametimiza miezi saba. Anakaa bila kushikwa, ana meno mawili ya chini, na akiona mtu anakula hupiga kelele utadhani ameibiwa. Ndipo Denise akasema mtoto sasa ahamie mezani, atafutiwe kiti kirefu. Wakati huohuo Kurt alikuwa anaondoa vitu ghalani kwenye nyumba ya wazee wetu kabla wanunuzi hawajahamia. Huko juu darini, nyuma ya marobota ya nyasi, akakikuta kile kiti. Ndiyo, kilekile cha mwaloni alichochonga Babu Thiessen. Sote tulidhani Baba alikichoma. Kurt hakujua lolote. Alikiosha, akakipaka mafuta, akakigeuza, akaona majina yetu yamechomwa kwa chuma chini ya kiti, kila mtoto na mwaka wake. Lako, langu, na la Kornelius. Akakipeleka nyumbani akiwa na furaha ya mtu aliyeokota dhahabu.

Denise naye akakupigia simu akidhani anakufurahisha. Alitaka ruhusa yako, wewe uliye mkubwa, kuongeza jina la Leona chini ya yetu. Ukamwambia akipasue kuni. Ukamwambia pia usihesabiwe kwenye Sikukuu ya Mavuno, kwa kuwa hutakaa meza moja na mtoto aliyepandishwa kwenye kiti, kiwe cha zamani au kipya. Kisha ukakata simu.

Alinijia macho yamemvimba. Akaniuliza, "Mama, nimemkosea nini Mama Mkubwa? Si ni kiti tu?" Nikamwambia yale ambayo nyumbani kwetu yamesemwa siku zote, kwamba mjomba wake Kornelius alianguka kwenye kiti hicho akiwa na miezi kumi na Mungu akamchukua siku ya tatu. Denise akauliza kwa nini basi wewe huwezi hata kumbeba mtoto mchanga, na mimi niliyekuwa meza hiyohiyo nimezaa watoto wanne na kuwabeba mgongoni kama magunia. Nilisema twende tukanunue kiti kipya kabla duka halijafungwa.

Laiti ungeniona dukani! Vilikuwepo viti kumi na kimoja, nami nilivitikisa vyote kumi na kimoja. Kinachokunjika nilikikataa. Chenye magurudumu nilikikataa kabla msichana wa duka hajafungua mdomo. Kuna kimoja cha mbao nzuri ajabu, Denise akakipenda, lakini nikaingiza mkono chini ya kimeza cha mbele nikaona mtoto mwenye akili anaweza kupitisha mguu. Nikapiga magoti sakafuni na koti langu la kanisani, nikavuta miguu ya viti kimoja kimoja. Watu wakasimama kutazama. Denise akanong'ona, "Mama, jamani, unanunua kiti au trekta?" Nikamwambia trekta ningechagua haraka zaidi.

Mwishowe tukachukua kimoja cha plastiki ya kijivu, kibaya cha sura, kipana chini, chenye mikanda mitano: miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni, na mmoja unaopita katikati ya miguu. Msichana wa duka alisema hata mtu mzima hawezi kujichomoa. Nikamwomba aseme tena. Alisema tena, akimtazama Denise kwa huruma.

Jumapili iliyopita tukala chakula cha kwanza na kiti hicho nyumbani kwa Denise. Nilipeleka ile mikate yetu ya Jumamosi, yenye donge dogo la unga juu ya donge kubwa, na soseji ya moshi. Denise alimfunga Leona mikanda yote mitano, nami nikaikagua mmoja mmoja. Kisha Kurt akainamisha kichwa, sote tukafumba macho, kimya kama ilivyokuwa kwa Baba. Unaijua sala ile. Hakuna anayesema neno, hakuna anayejua itaisha lini, mpaka mwenye nyumba akohoe.

Mimi nilifumbua. Nilimwona Leona akijinyoosha, anasukuma kimeza kwa magoti, mikanda imemkaza. Asingeweza kwenda popote. Lakini mimi nilipiga ukelele katikati ya sala, "Anasimama! Mshikeni, anasimama!" Nikaruka, bakuli likapinduka, supu ikamwagikia Kurt. Leona akacheka. Alidhani bibi anamchezea.

Hakuna mwingine aliyecheka. Denise alinitoa nje barazani, akanishika mikono, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mama, siku ile uliona nini?" Nikamwambia. Ni mtu wa kwanza kumwambia katika maisha yangu. Hata marehemu mume wangu hakujua. Aliponisikiliza mpaka mwisho hakunikumbatia, na sikustahili kukumbatiwa. Aliuliza kama wewe unajua. Nikatikisa kichwa. Akasema, "Basi mwambie. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na itakuwa vibaya zaidi." Huyu ana mdomo wa Mama yetu.

Kwa hiyo nakuambia, Netha.

Unakumbuka lile juma Baba alipotuadhibu sote wawili? Ulinishitaki kwamba nimefumbua macho wakati wa sala, nami nikauliza umejuaje kama wewe ulifumba. Abrahamu, yule kibarua, alishindwa kujizuia, akacheka mpaka mbegu za alizeti zikamtoka mdomoni. Lakini Baba hakucheka. Tulisimama nyuma ya viti vyetu chakula kizima, na akasema atakayefumbua tena atasimama hivyo mwezi mzima. Nilikuwa na miaka minane. Nilimwogopa Baba kuliko nilivyomwogopa Mungu tuliyekuwa tunamwomba.

Siku ile ya Kornelius ilikuwa Alhamisi, chakula cha mchana. Mama alikuwa anabeba viazi. Wewe ndiye uliyempandisha kwenye kiti, ukachukua kitambaa cha kukaushia vyombo, kile cha mistari ya buluu, ukamzungushia kiunoni ukakifunga nyuma ya mgongo wa kiti. Mimi nilikaa kushoto kwake. Nilikuona. Ulifunga fundo, ukalivuta, ukafunga la pili juu yake. Kisha tukainamisha vichwa.

Nilifumbua macho. Sijui kwa nini. Sala ilikuwa ndefu, na nilisikia kiti kinalia. Kornelius alikuwa ameshachomoa miguu yake kutoka chini ya kitambaa, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayevua suruali pana. Akapiga goti juu ya kiti. Akashika kimeza. Akasimama. Kitambaa kilikuwa palepale nyuma yake, mafundo mawili, hata moja halijalegea. Kiti chetu hakikuwa na mkanda wa katikati ya miguu, Netha. Hakuna fundo la mtu yeyote ambalo lingemzuia.

Aliniona ninamtazama. Akatabasamu, akafurahi kwamba mtu mmoja mezani ameamka.

Ningeweza kunyoosha mkono. Alikuwa karibu hivyo. Ningeweza kusema, "Mama." Lakini nikisema, Baba atajua nimefumbua. Nikajiambia atakohoa sasa hivi. Nikasubiri akohoe. Nilimtazama ndugu yetu akiinama upande wa pili, mbali nami, nikaendelea kusubiri.

Na alipoanguka, kabla mtu yeyote hajainua kichwa, nilifumba macho. Hilo ndilo nililobeba miaka hamsini na mbili. Sauti ile bado haijaisha masikioni, na mimi nilifumba macho yangu kwa nguvu ili Baba akitazama anikute nasali. Na alinikuta nasali.

Unajua yaliyofuata. Mama aliking'oa kitambaa kwenye kiti amfungie kichwani, ndiyo maana baadaye hakuna aliyeweza kusema kama kilikuwa kimefungwa au la. Baba alipokuuliza jioni hiyo, ulisema, "Nadhani nilimfunga." Ulikuwa na miaka kumi na tatu, na Baba akalirudia hilo neno moja polepole: unadhani. Hakusema kitu kingine. Kwa Baba hilo lilitosha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa na jibu mdomoni. Lakini kusema kwamba mafundo yalikuwa yamekaza mtoto akiwa amesimama, ni kusema kwamba nilimwona akisimama. Nikalimeza.

Nikazidi kulimeza. Nilinyamaza ulipoacha kuwashika watoto wa wenzako kanisani. Isbrand Toews alipokuja kukuposa, kijana mzuri kabisa, na ukamkataa, nilikuwa jikoni nasikia Mama akilia na wewe ukisema hutaki kuwa mama wa mtu. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na saba, si mtoto tena. Ningeweza kuingia nikasema. Niliendelea kumenya viazi. Ulipohama ukaenda kuwapikia wazee wa watu huko Saskatchewan, nilikusindikiza, nikakupungia mkono. Nilijiambia yameshapita, maji yakimwagika hayazoleki. Ni uongo. Ningeweza kukuzolea mengi.

Nimewapa wanangu wote maziwa yangu na wewe hukupata hata mmoja. Ukiniuliza nilipataje usingizi, sijui. Nililala. Hilo nalo nakuambia, maana nimechoka kukuficha vitu.

Sikuandikii ili unisamehe. Kama huwezi, huwezi, na mchungaji asikulazimishe. Ukitaka kunifokea, nifokee ana kwa ana. Kurt atanileta kwako Jumamosi hii. Nitakaa garini mbele ya nyumba yako mpaka saa kumi. Ukifungua mlango nitaingia. Usipofungua tutarudi, na nitakuja tena Jumamosi inayofuata, na nyingine, mpaka theluji ifunge barabara. Unanijua kwa ubishi.

Kuhusu kiti cha Babu, Denise amesema hakuna atakayekigusa, kisipasuliwe wala kisiandikwe, mpaka wewe uamue. Kimo gereji, kimefunikwa shuka. Na Leona ana kiti chake kibaya cha kijivu. Hakuna anayekuomba umpandishe. Mimi nitampandisha, nitamfunga, na sala ikianza nitakuwa nimefumbua macho mbele ya kila mtu. Kurt amekubali. Alisema Mungu hana shida na bibi anayetazama.

Denise anakusalimu sana na anaomba radhi kwa ile simu. Kurt anakusalimu. Msalimie jirani yako wa ghorofa ya chini, na umshukuru kwa kukuletea dawa. Jitunze, funika nyonga, usibebe maji.

Netha, barua yote unaweza kuichana, lakini mstari huu uuache: ulimfunga. Ulimfunga mafundo mawili, nami niliyaona.

Ni mimi mdogo wako,
Justina