Barabara Iliyopita Sebuleni Kwangu

Kaka Damiani,

Shikamoo. Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Nimeona nikuandikie, tena barua ya wazi, mtu yeyote wa mtaa wetu akitaka aisome. Uliumizwa mbele ya watu, lakini uongo niliokuambia baadaye niliusema chumbani, tukiwa sie wawili tu. Uongo ule siwezi kuusahihisha chumbani.

Unakumbuka siku yule mtu alipotujia na panga? Nilikuwa na wiki mbili tu tangu uniletee nauli nije kutoka Masasi. Huku mwisho wa Chamazi kulikuwa mikorosho na vichaka, na maji tuliyafuata bondeni. Chumba chako cha kwanza kilikuwa kimefika usawa wa madirisha. Yule bwana akasema kiwanja ni chake, aliuziwa kabla yako. Ukamjibu kiualimu ualimu, "Ndugu yangu, twende kwa mwenyekiti tukaangalie karatasi." Akakukata. Panga liliingia mkono wa kushoto juu ya kiwiko, nikaona nyama inafunguka nyeupe kabla damu haijatoka. Ukaokota mpini wa jembe ukampiga nao mabegani mpaka akapiga magoti, na bado ukaendelea kupiga. Nikapiga kelele, "Kaka, utamuua!" Ndipo ukaacha.

Nilikufunga jeraha kwa kanga yangu.  Ukaniambia, "Fidea, hapa kila mtu ana karatasi yake na hakuna mwenye ramani. Ikipatikana ramani moja, watu wataacha kukatana."

Baadaye ulinimegea kipande nyuma ya kwako, upande wa korongo. Nikajenga sebule na vyumba viwili, nikaweka cherehani barazani. Nusu ya wanafunzi wako walivaa sare nilizoshona mie. Ulikuwa ukipita asubuhi kwenda shuleni unaniita, "Fundi, umeamka?" Najibu, "Nimeamka, Mwalimu, chai hiyo." Unakunywa umesimama, unaondoka na kipande cha muhogo mkononi.

Kisha likaja gari la matangazo. Jiji linapitia upya mpango wake wa matumizi ya ardhi, ule wa miaka mingi ijayo, na kila mtaa uchague kamati ya wananchi ya kutoa maoni. Watu hawakutafuta mbali. Nani mwingine angesoma ramani zaidi ya mwalimu wa jiografia?

Kwenye kikao cha kwanza nilikuwepo. Dada wa mipango miji, yule Neema, alitandika ramani ya zamani mezani, na mtaa wetu wote ulikuwa rangi ya kijani. Sudi, fundi bati, akauliza, "Kijani maana yake nini?"

"Eneo la wazi," Neema akasema. "Kwenye ramani hii hapa haishi mtu."

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika. Sudi hakucheka kabisa. Yeye alishabomolewa mara moja, kule bondeni alikokaa mwanzo. Walimpigia alama nyekundu ukutani, na asubuhi moja tingatinga likaja, likaingiza meno yake chumbani mkewe akiwa bado anatoa vyombo. Ukuta ukamwangukia mguuni. Mpaka leo Mama Zuhura anachechemea. Mtu kama Sudi ukimtajia ramani, anachosikia ni ukuta unaanguka.

Wewe ukaanza kazi. Ulipita nyumba kwa nyumba na chaki ya bluu, unaandika namba mlangoni, unaandika na kwenye daftari. Ulieleza mpaka sauti ikakauka, "Tusipohesabiwa, mpango mpya utanakili kijani ileile ya zamani. Wakitukuta kwenye karatasi, hawatasema hatupo." Wengi walikuelewa. Wengine waliifuta namba ukishageuka tu.

Halafu kamati ikatakiwa ichore barabara, kwa sababu mtaa usiopitika na gari la wagonjwa wala la zimamoto usingekubaliwa kuwa makazi. Mlikaa Jumamosi tatu na penseli na uzi. Uliniita zote tatu. Sikuja, nilikuwa na sare za kumaliza, na nilijua kaka yangu yupo mle ndani.

Jioni moja ukaja barazani kwangu. Hukukaa.

"Fidea, barabara itapita kwako."

"Kwangu wapi?"

"Sebuleni. Na baraza lote."

Nikadhani unatania. "Si uisogeze?"

"Nikiisogeza zinabomolewa nyumba tano. Ikipita hapa ni yako peke yako. Vyumba viwili vya nyuma vitabaki."

"Kalamu unayo wewe, kaka."

"Ndiyo maana siwezi."

Nilikurushia mkasi wa kukatia vitambaa. Ukagonga nguzo, ukaanguka karibu na mguu wako. Ukauokota, ukauweka juu ya cherehani taratibu, ukaondoka. Kesho yake hukupita kunywa chai.

Sasa niandike nisichowahi kukuambia. Yale maneno kwamba umeuza mtaa yalitoka kinywani mwangu. Wateja walikuja kupima nguo, mie nikawa nawaambia, "Kaka yangu kama ameweza kunibomolea mimi, nyie ni nani?" Nilisema kwa hasira tu. Lakini maneno yalipozunguka na kunirudia yalikuwa yameota pembe: umepewa nyumba mjini, zile namba za chaki ni za kubomoa, tingatinga limeshaegeshwa njiani. Nilijua si kweli. Sikukanusha hata moja. Niliona raha kidogo, kaka. Niliona raha kusikia unatukanwa.

Ikafika ile Jumamosi ya kuonyeshwa mchoro mzima, mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa. Turubai, viti vya plastiki, meza moja, wewe na Neema mbele. Watu walijaa mpaka barabarani, na wengi walikuja na fimbo. Hukuziona, au uliziona ukadhani ni za kutembelea.

Sudi akasimama. "Mwalimu, nyumba yangu ni namba ngapi? Na tingatinga linakuja siku gani?"

"Sudi, sogea hapa nikuonyeshe. Nyumba yako haijaguswa."

"Hata kule bondeni waliniambia haijaguswa!"

Akaishika ramani akaipasua katikati. Mtu akapiga kelele, "Tumeuzwa!" Viti vikaanza kuanguka. Wewe ulikuwa umeinua mikono yote miwili, unasema, "Sikilizeni, jamani, sikilizeni kwanza."

Mie nilikuwa nimesimama pembeni, penye matofali ya kujengea choo cha ofisi. Nikainama nikachukua nusu tofali. Hakuna aliyenisukuma na sikuteleza. Nililenga. Lilikupata jichoni, na nilisikia mlio wake, mlio mdogo kama yai linapopasuliwa ukingoni mwa bakuli. Ukaweka kiganja, damu ikapita katikati ya vidole ikachuruzika mpaka kwenye kola ya shati, shati nililokushonea mwenyewe.

Watu waliiona damu. Kisha ikawa kama wamepewa ruhusa. Wakakuangukia. Fimbo, miguu, viti. Sudi aling'oa mguu wa meza akakupiga nao kichwani. Neema alikuwa ameanguka chini, wanamkanyaga mikono, na wewe, badala ya kukimbia, ulimlalia juu. Wakakupiga mgongoni kwa zamu kama watu wanaotwanga. Wifi Tekla akatokea mbio na mchi, akampiga Sudi mdomoni meno yakaruka, akapiga wengine ovyo huku analia jina lako. Gari la watu wa mipango likachomwa. Matairi yalipolipuka, wengine walishangilia.

Hayo nayasema kwa sababu niliyaona. Niliyatazama mpaka askari walipopiga mabomu ya machozi, ndipo nikakimbia. Nikajifungia ndani nikafua kitenge nilichokuwa nimevaa. Hakikuwa na doa hata moja. Nilikifua mara mbili.

Hospitalini walikutoa jicho la kulia. Mbavu tatu zilikuwa zimevunjika, na ulikuwa ukikohoa unashika godoro kwa ngumi. Nilikulisha uji siku kumi na moja. Nilikuosha miguu. Wauguzi wakamwambia Tekla, "Wifi yako ana upendo." Siku ya nne ukaniuliza, "Fidea, nani alirusha lile tofali?"

Nikajibu, "Sudi. Nilimwona."

Askari walipokuja kuchukua maelezo, niliwaambia hivyohivyo, nikaweka na sahihi. Sudi alikiri mguu wa meza. Tofali alilikana, akapigwa mpaka akaacha kukana. Miezi saba alikaa rumande kwa jicho ambalo hakulitoa. Ukatoka hospitali na kitambaa usoni, ukauza vitu, ukarudi Masasi na mkeo. Stendi ulinikumbatia kwa mkono mmoja ukasema, "Kaa salama, mdogo wangu." Sikuweza kula siku ile, lakini kesho yake nilikula.

Mwezi uliopita watu wa mipango miji walirudi. Safari hii walisimama askari wawili mlangoni mwa ofisi ya mtaa. Neema alikuja yuleyule. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki tena, anashika kalamu kwa kuibana na gumba. Akatundika ramani mpya ukutani. Kaka, sie si kijani tena. Tumepakwa njano, rangi ya makazi, na kila nyumba ina kidoa chake, kwa sababu Tekla aliliokota daftari lako siku ile akalificha kifuani, akamkabidhi Neema kabla hamjasafiri. Hakukuambia? Watu walikuwa wanasogea mmoja mmoja, wanatafuta kidoa chao kwa kidole. Mzee mmoja alilia. Wapo waliokupiga fimbo ambao waliupata mlango wao pale, wakarudi kukaa bila kumtazama mtu.

Barabara ilikuwa palepale. Neema akasoma, "Inapita kwenye nyumba moja. Mwenye nyumba yupo? Ana pingamizi?"

Nikasimama.  Nikasema, "Sina pingamizi, ipite. Na tofali lililomtoa jicho Mwalimu Damiani nilirusha mie. Sudi hakurusha. Na maneno kwamba ametuuza niliyaanza mie."

 Kisha Mama Zuhura akainuka kule nyuma. Alikuja anachechemea, watu wanampisha, mpaka mbele yangu. Akanizaba kibao. Akanizaba cha pili, nikaonja damu. Cha tatu alinipiga kwa ngumi, jino likalegea, nikaanguka juu ya viti. Askari walitazamana, hawakusogea. Alinisimamia hapo juu akasema, "Miezi saba, Fidea. Miezi saba namwambia mtoto baba yuko safari. Na nguo ya shule ulimshonea wewe, ukanichekea." Neema ndiye aliyemshika mkono, kwa ule mkono wake mbovu, akamwambia, "Inatosha, dada." Kisha akanitazama mie.  Afadhali angenipiga.

Mwenyekiti alinipeleka kituoni mwenyewe. Nimetoa maelezo upya. Nina shauri la kukujeruhi na la kutoa maelezo ya uongo, niko nje kwa dhamana. Sudi ameachiwa kwa habari ya jicho, ila la mguu wa meza bado atalijibu. Nilikutana naye njiani juzi. Amekonda, na pengo lile alilotobolewa na Tekla linaonekana. Nikamsalimia. Akatema mate, akapita. Ana haki.

Mpango umepitishwa na mtaa, umepelekwa ngazi za juu. Hawajaleta mashine, itachukua muda, lakini nilipanda mwenyewe nikaanza kung'oa bati za sebule. Sitaki nisubiri kubomolewa. Nalala chumba cha nyuma, cherehani iko miguuni pa kitanda. Wateja wengi wamenihama. Siku mbili tatu wamenirushia mawe juu ya bati zilizobaki, sijui ni nani, na sijauliza.

Kaka, sikuombi msamaha kwenye karatasi. Mtu aliyekudanganya huku anakulisha uji hastahili kuamini kalamu yake mwenyewe. Ninachokuomba ni kingine. Utapata wito wa mahakama. Wifi Tekla ameniambia, kwa simu ya nusu dakika, kwamba huenda usije, kwamba umesema damu ni damu na yaliyopita yaishe. Usinifanyie hivyo. Usininyamazie kwa sababu tulizaliwa tumbo moja. Wewe ndiye uliyekataa kunipendelea kwenye ile barabara, na ulikuwa sahihi.

Njoo. Simama mbele ya hakimu bila kile kitambaa, wapaone palipokuwa na jicho. Wakikuuliza aliyekufanyia hivyo yuko wapi, ninyooshee kidole. Nitakuwa nimesimama, nakutazama.

Mdogo wako, niliyekutoa jicho,
Fidea