Mstari Hafifu Si Uzembe Wangu

Alhamisi, Mbeya. Baridi ya Juni, ukungu umekaa mpaka saa nne asubuhi, na mimi nina hasira.

Wiki tatu naitwa mzembe.

Kazi yangu maabarani ni kusaga majani ya mpunga unaovumilia ukame, kuvua protini moja kwa kutumia kingamwili inayoinasa, kisha kuangalia kama imebeba alama ya fosfati, dalili kwamba mmea unajihami na ukame. Ikiwa imebeba, mstari mweusi unatokea kwenye picha. Wangu ulitokea hafifu, kama penseli iliyofutwa. Mara tatu.

"Mikono yako haijatulia, Tumpe," msimamizi wangu, Daktari, alisema kikaoni mbele ya wote. Akaongeza kwamba mpunga ule tuuache, hauna kitu.

Mpunga ule ni wa Mama Holo wa Chimala, aliyeturuhusu kukata majani shambani kwake. Nakiri: nilianza kumwamini Daktari. Jumanne nilimpigia Mama Holo nikamwambia hatujaona tunachotafuta.

"Haya mwanangu. Ila jua la mwaka jana lilimaliza mashamba ya wenzangu, langu likabaki. Mnaangalia vizuri kweli?"

Swali lile lilinichoma.

Jana nikazipitia picha zote upya. Protini yenyewe, yenye picha yake, ilinaswa vizuri, mstari wake mzito. Kilichopotea ni alama tu. Ningekuwa mzembe, si vyote vingepotea?

Jani likisagwa, vimeng'enya vyake vinaibandua fosfati palepale, usipotia dawa ya kuvizuia. Karatasi ya maelekezo tunayofuata, aliyoiandika Daktari mwenyewe, haina dawa hiyo. Mwezi uliopita nilimuuliza. Akasema, "Wewe fuata karatasi." Nikafuata!

Basi nikachukua majani yaliyobaki kwenye friza, nikayagawa mafungu mawili: moja nikalitia dawa, jingine nikaliacha hivyohivyo. Leo picha mbili zimetoka. Bila dawa, hafifu. Penye dawa, mweusi tii.

Nilimpigia Mama Holo kwanza. Alicheka mpaka akakohoa. Ndipo nikaenda kwa Daktari.

"Safi sana," akasema. "Tumepata."

Tumepata!

"Daktari, ulinisema mbele ya watu," nikamwambia. "Naomba unisafishe mbele ya watu."

Akasema tusikuze mambo, akageukia kompyuta yake.

Haya. Kesho saa tatu tuna kikao. Nitaweka picha zote mbili mezani, nikae, nimsubiri aseme.

Asiposema yeye, nitasimama niseme mimi.