Gazeti Nililokunyima

Baba,

Simu yako imekusahau. Naanza na hilo kwa sababu limeniudhi, na kwa sababu wewe ungetaka kujua. Tangu tukuzike hata mwezi haujaisha. Mwanao Yohana aliichukua, akakaa nayo kazini kwake Tunduma wiki mbili, na jana alipokuja nikamwomba niione kidogo. Nikatafuta zile habari zako za ng'ombe na mashamba. Hakuna hata moja. Mpira, mpira, wanamuziki wa Zambia, na binti mmoja anayeuza nywele za bandia. Nikamuuliza, "Habari za Baba ziko wapi?" Akacheka. "Dada, sasa imenizoea mimi. Yenyewe inakuletea kile unachofungua. Usipofungua, inaacha kuleta."

Yaani vita vyote vile vilivyokuwa vinakuja hapa kwetu Ihanda viliisha siku simu ilipobadili mkono?

Mimi niliichukia tangu siku ya kwanza. Wacha niseme kweli, maana hapo ulipo huwezi kunikemea. Niliionea wivu kama mke mkubwa anavyomwonea mke mdogo aliyeingia na sanduku jipya. Miaka sita, tangu niliporudi na virago vyangu kutoka kwa yule mwanamume wa Mlowo, mimi ndiye niliyekuwa macho yako. Siku ya soko nachukua gazeti kwa mwalimu, limeshasomwa na shule nzima, na jioni wewe unachambua kahawa kwenye kichanja, mimi nasoma.

Nilisoma lote, mbele mpaka nyuma, kwa sababu ulisema gazeti ni kama ugali wa sahani moja, huli katikati ukawaachia wenzio pembeni. Matangazo ya zabuni, vifo vya watu tusiowajua, bei ya pamba ambayo hatulimi. Na ulivyokuwa unabishana nalo! "Mwongo huyo! Hebu rudia hapo, Mama." Uliniita Mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yako. Kiongozi ambaye hata hajui Ihanda iko upande gani, wewe unamgombeza mpaka kuku wanakimbia. Mimi nilikuwa namtetea makusudi, ili tu usichoke kunisikiliza.

Halafu Yohana akaja na salamu zake za mpakani, "mulishani, mulishani", na simu ya kioo mfukoni. Akakuonyesha kwamba ukitanua vidole viwili maandishi yanakuwa makubwa. Loo! Niliona ulivyofurahi. Mtoto wa kiume kwa siku moja tu amekupa macho ambayo mimi nilikuazima miaka sita. Ukawa unapanda kwenye kichuguu kule juu ya migomba, mtandao unakoshika, na kigoda chako mkononi. Ukishuka huna la kuniuliza.

Nikija na gazeti unasema, "Weka hapo." Siku moja ukaniambia, tena kwa kicheko, "Mama, gazeti lako limechacha. Hii ya kwangu imetoka sasa hivi." Wewe ulisahau palepale. Mimi neno hilo nililala nalo nikaamka nalo.

Na sasa, baada ya maneno ya Yohana, nimeelewa kilichokupata. Wewe ulikuwa unafungua kila kitu. Niliwahi kukuuliza mbona unajisomea mambo ya kukutia hofu, ukanijibu, "Mtu kaniletea habari kutoka mbali, nimwache mlangoni bila kumfungulia?" Ulidhani kuna mtu, Baba. Ulidhani ni adabu. Ukafungua ya kwanza, wakulima na wafugaji wamepigana, sijui mkoa gani. Kesho yake zikaja tatu. Wiki iliyofuata hazikuja nyingine ila hizo, ng'ombe ndani ya mahindi, nyumba zinaungua, mama ameshika kichwa. Ukashuka kwenye kichuguu unasema nchi nzima imewaka na zamu yetu inakuja. Wala hapakuwa na wa kukubishia. Gazeti ulikuwa unaligombeza, simu ulikuwa unaiitikia.

Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa jikoni, nimenuna.

Mzee Shija. Msukuma wetu wa bondeni Momba, ambaye tangu mimi msichana, kila mwaka kabla ya mvua, alipandisha maksai wake wawili walime shamba letu, akakaa siku nne, akarudi na mahindi na ndizi. Wewe unampokea na "Mwangaluka!", salamu ya asubuhi, kwa Kisukuma chako kibovu, hata kama ni saa kumi jioni, naye anacheka upya kila mwaka. Mama yetu alipofariki alikaa nasi mpaka arobaini. Wanyama wake hawajawahi kugusa hata bua la mtu hapa.

Safari ya mwisho ulimzuia kwenye uzio. Nilikuwa natoka kuchota maji, nikasikia yote. "Rudi na wanyama wako. Najua mnavyoanza, mnaanza na wawili." Hakubisha. Alikutazama tu, kisha akawageuza maksai wake baada ya mwendo wa siku mbili, hawajanywa hata tone. Hapa kwetu, Baba! Hapa ambapo hata mchuuzi tusiyemjua hapiti bila kikombe cha togwa.

Sasa sikiliza ninachokuandikia.

Siku tatu kabla ya hapo nilikuwa nimetoka kwa mwalimu na gazeti. Ukurasa wa ndani kulikuwa na habari ndefu. Ile picha ya nyumba zinazoungua, ile uliyonionyesha siku moja ukisema "unaona?", ilikuwa ya zamani na ya mbali, watu wanaizungusha tu kwenye simu. Na kwenye kijiji chenyewe walikopigana, wakulima na wafugaji walishakaa chini, wakapatana njia za mifugo, wakaendelea kuuziana maziwa na mahindi. Nilisoma nimesimama. Nikasema leo ndiyo leo, leo atanisikiliza. Nikafika mlangoni. Nikakuta umekiinamia kile kioo, vidole viwili, midomo inachezacheza. Nikakohoa. Hukuinua kichwa. Nikakohoa tena.

Nikalikunja. Nikajisemea, "Si limechacha? Basi na amuulize mwenzie." Nikalisukuma chini ya godoro langu. Niliapa sikusomei mpaka uniombe. Ndicho nilichotaka, Baba, hicho tu, mara moja useme, "Mama, leo kuna nini?" Hukusema. Shija akaja. Na hata pale, nilipoona maksai wanageuzwa, nilikuwa na muda wa kukimbilia ndani na kutoka na gazeti mkononi. Nilibeba ndoo yangu nikapita.

Miezi mitatu baadaye ulianguka shambani, na hamkuonana tena.

Alikuja mazikoni. Baiskeli aliiegemeza barabarani, akasimama nje ya uzio, kofia mkononi. Wazee wakamwita aingie akae na wenzake. Akawajibu, "Mwenye nyumba hajaniruhusu." Akasimama palepale kwenye jua mpaka kaburi likaisha kufukiwa, akapanda baiskeli yake akaenda. Mimi nikapiga yowe, wanawake wakanishika wakidhani ni uchungu wa msiba tu.

Yohana anasema tumtumie Mzee Shija ujumbe kwamba simu ndiyo iliyokudanganya, yaishe. Ni rahisi. Simu haina mdomo wa kujitetea. Lakini simu haikuwa inakujua, ilikuwa inaona kidole chako tu. Mimi nilikujua. Nilijua unavyomwogopa mtu ukiwa peke yako na unavyolainika ukibishiwa. Nilikuwa na la kukubishia, nikakunyima kwa kinyongo. Na la aibu zaidi, hata sasa ninavyoandika, bado inaniuma kwamba kile kioo kilipata jioni zako za mwisho na mimi sikuzipata.

Alhamisi nashuka Momba. Kuna lori la mahindi linaloteremka huko, dereva kakubali nikae mbele. Gazeti nimelifunga kwenye kanga. Nitamsomea Mzee Shija habari ile mwanzo mpaka mwisho, halafu nitamwambia lilikuwa wapi siku alipofika na maksai wake wenye kiu, na nani aliyeliweka. Wewe nitakuombea msamaha. Mimi sitajitetea.

Lala, Baba. Nakuahidi nitafika hata lori likinishusha njiani nitembee. Na akikusamehe wewe akanikataa mimi, nitaona wivu, si unanijua. Lakini nitarudi.

Mwanao,
Eliza