Jiwe la Dobi na Mlango wa Ngome

Nyumbani kisiwani,
Jumapili, baada ya chai.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na nyingine ya akiba ya kesho asubuhi. Jicho linaendeleaje? Dada ameniambia kwenye simu kwamba daktari ameliondoa lile wingu lote, na kwamba utakaa na kitambaa usoni mpaka wiki ijayo. Basi najua barua hii anakusomea yeye. Dada, shikamoo nawe. Soma yote, tena kwa mpangilio, usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka zamu yako ya kuosha vyombo.

Mimi mzima kabisa, ila kupika kwangu bado ni kule kule unakokujua. Uliponiaga pale gatini uliniachia amri tatu. Kuku niwalishe: wanakula kunizidi mimi, na yule mweusi ameanza kutaga tena. Nisigombane na jirani yetu Mama Kelele: sijagombana naye, ingawa yeye amegombana na mimi mara mbili. La tatu, kwamba mtu yeyote asiguse jiwe lako la kufulia, nitalifikia. Usiwe na haraka Mama, tulia kwanza.

Habari kubwa ni kwamba tumepata mgeni. Ofisi ya mambo ya kale imemleta mtaalamu aandike historia ya ngome yetu, iwekwe kwenye ubao mkubwa pale mlangoni. Ni mama mmoja mfupi, mkavu, futi ya kupimia haimtoki mkononi, na kisiwa kizima tunamwita Bi Futi. Siku ya kwanza alipima ukuta, akapima mnara uliobaki nusu, akapima hata mwembe wa nje ambao haukuhusika. Kisha akaniambia kuwa amesikia mimi ndiye mlinzi na mtembezaji wa wageni, kwa hiyo nimweleze ngome ilibomokaje.

Mama, si unanijua? Nikampa Vita vya Siku Saba. Nikamwonyesha tundu kubwa juu ya mlango, pale palipoingia kombora. Nikamweleza habari za sajenti wa mguu mmoja aliyezuia jeshi zima kwenye ngazi, na nilipofika pale anapokufa nikashusha sauti kama kawaida. Miaka kumi na miwili nawasimulia wageni vita hivyo, wengine wakalia mbele yangu. Bi Futi hakulia. Aliandika kila neno, akafunga daftari, akasema ahsante.

Kesho yake alikuja na bahasha ya nakala za barua za wakoloni wenyewe. Kumbe ngome yetu haikupigana hata siku moja! Ilijengwa kwa jasho la babu zetu waliobebeshwa mawe kutoka ufukoni, halafu askari wakakaa humo miaka minne wakiumwa na mbu. Mzinga ulifyatuliwa mara moja tu, kumpongeza gavana siku ya kuzaliwa kwake, na mwandishi wa barua analalamika kwamba kuku hawakutaga mwezi mzima. Mkubwa wao wa mwisho kila akiandika anaomba vitu viwili, viatu na vitunguu. Alipochoka kusubiri alifunga mlango, akapanda meli, akaenda zake. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikakumbuka kwamba mwongo mwenyewe ni mimi.

Bi Futi hakunigombeza. Aliniuliza tu, kama hapakuwa na vita, mawe yalikwenda wapi. Akaendelea kwamba kinachomtesa zaidi ni jiwe moja, lile la juu ya mlango, lenye mwaka na jina la gavana. Ofisi haiwezi kuisajili ngome bila ushahidi wa mwaka, na barua zenyewe zimeliwa na mchwa pale penye tarehe. Isiposajiliwa kufikia Ijumaa, eneo lote anapewa mwenye ghala la saruji, na ukuta uliobaki unasagwa kokoto. Kazi yangu nayo inaishia hapo hapo.

Mama, tangu Jumatatu sikula vizuri. Nilizunguka ukuta ule ninaoufagia kila asubuhi, nikaona aibu kama mtu aliyemsingizia rafiki yake. Alhamisi mchana uzalendo ukanishinda, nikamwendea Bi Futi nikamwambia aje na futi yake, twende nyumbani kwetu.

Sasa ndiyo tumefika kwenye amri ya tatu. Dada, msogezee Mama mto, akae sawasawa.

Mama, jiwe lako la kufulia ndilo jiwe la mlango wa ngome. Nimejua hivyo tangu Baba alipougua ule ugonjwa wake wa mwisho. Siku moja ulikwenda zahanati kupeleka mashuka, akanivuta karibu akaniambia kwamba alilitoa yeye, kwa patasi na mtaimbo, wiki moja kabla ya harusi yenu, kwa sababu alikuona unafua nguo za watu umepiga magoti kwenye tope, na roho ikamuuma. Enzi zile kung'oa jiwe la ngome lilikuwa kosa la kwenda jela, ndiyo maana kwako alisema amelipata kwa fundi mwenzake. Akanikataza nisiseme. Nami nilipopewa kazi ya ulinzi, kila mgeni alikuwa akiniuliza kuhusu lile tundu. Ningesema nini? Nikavizua vita vizima ili Baba yangu asiitwe mwizi. Sajenti wa mguu mmoja hakuwahi kuzaliwa, Mama. Nisamehe.

Tukaligeuza. Ndiyo, nimelitia mkono, nimekiri. Tulikuwa watu wanne na mtaimbo, na Mama Kelele akitusimamia juu ya ukuta wake kama jemadari. Upande wa chini ulijaa udongo na majongoo. Bi Futi alipiga magoti na gauni lake safi, akaupangusa kwa brashi ndogo, mara mwaka ukatokea, wazi kabisa, na jina la gavana na madoido yake yote. Alipiga kigelegele, yule mama mkavu! Sikujua ana sauti ile.

Halafu akashusha brashi chini kidogo. Chini ya jina la gavana kulikuwa na maandishi mengine, ya patasi, yale marefu yaliyoinama ambayo Baba aliyaandika juu ya kila mlango aliojenga. Haya Baba hakuwahi kuniambia. Dada, shika kitambaa kabla hujasoma.

Baba ameandika hivi: "Limekaa juu ya watu vya kutosha. Sasa lifanye kazi. Mwenyewe ni mke wangu."

Mama, nililia pale pale uani, mbele za watu, wala sikuona haya. Miaka yote hiyo umepigia nguo juu ya maneno hayo, ukimlalamikia Baba kwamba hakuwahi kukuandikia hata kikaratasi.

Mwizi hakuitwa mtu. Mama Kelele alikiri bila kuulizwa kwamba mafiga yake matatu yametoka kwenye mnara, mwalimu mkuu akakumbuka ngazi za shule, na sasa Bi Futi anapita nyumba kwa nyumba akipima kisiwa kizima. Anasema ngome haikubomoka, ilihama tu. Ijumaa alituma picha, na ngome imesajiliwa. Kazi yangu ipo, ila nimeamriwa kumzika sajenti.

Ofisi iliomba jiwe lirudishwe mlangoni. Bi Futi aliwasomea maneno ya Baba kwenye simu, kisha kwenye fomu, mahali pa mwenye mali, akaandika jina lako kwa wino. Kwa hiyo ni wewe wa kuamua, lisimame mlangoni au lirudi kazini. Ubao umeshaandikwa wote, umebaki mstari wa mwisho tu, unaosema jiwe liko wapi. Huo unakusubiri wewe. Na jiwe nimeliacha uso juu, kivulini, ulisome kwanza kwa macho yako mapya. Mashuka ya zahanati nayafulia kwenye beseni, na muuguzi amelalamika tayari.

Wasalimie shemeji na watoto, na waambie wajukuu wako wasikufichie miwani. Mama Kelele anakusalimu kwa sauti ambayo nadhani mmeisikia huko huko.

Dada, kama analia, mpanguse pole pole. Daktari amekataza machozi, lakini haya nadhani atayasamehe.

Ni mimi, kitinda mimba wako,
mlinzi wa ngome iliyohama.