Maganda Makavu

Jumapili, 15 Oktoba
Baridi imeingia. Mgongo unaniuma. Nimetoka kanisani nikaenda moja kwa moja gereji kupaka mafuta maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa — kazi yangu tangu tuoane. Mume wangu Lyle huyajaza upya: hupiga mashine, hutia baruti. Mimi napaka. Ganda likiingia kavu kwenye kalibu, kile chuma kinacholirudishia umbo, linanasa, na likinasa, basi tena! Mafuta ya sufu ya kondoo. Ndiyo maana mikono yangu haijapasuka kama ya jirani yangu Bernadine.

Ijumaa anakuja binti yetu Renae. Msimu wa kuwinda kulungu unafunguliwa Jumamosi. Hapigi risasi za dukani yule. Za baba yake tu.

Jumatatu, 16 Oktoba
Ganda limenasa. Lyle amening'inia kwenye mpini wa mashine mpaka uso umemwiva. Kanijia juu: hukupaka! Ulikuwa kwenye simu na Bernadine wako! Nimesema nimepaka. “Kwa hiyo kalibu ndiyo inasema uongo?”

Labda nilisahau kweli. Nimechoka kiasi cha kutojiamini.

Jumanne, 17 Oktoba
Nimepaka upya, yote. Limenasa jingine, na safari hii kalibu imeharibika. Jioni sikupika. Supu ya jana.

Jumatano, 18 Oktoba
Lyle ameazima kalibu kwa mume wa Bernadine. Nimempelekea kahawa, nikasimama mlangoni, hakuniona. Alichukua ganda nililolipaka. Akalifuta kwa kitambaa. Polepole, vizuri, mpaka shingoni. Kisha akataka kulitia kwenye kalibu.

Kufuta ni baada ya kalibu! Baada! Ni yeye aliyenifundisha.

“Lyle, mbona unafuta kwanza?”

“Nani kafuta?” Na kitambaa kiko mkononi.

Ganda kunasa si neno, kalibu zinauzwa. Lakini baada ya kalibu inakuja fataki ya kuwashia, halafu baruti. Akipotelewa na mpangilio pale, akatia baruti mara mbili kwenye ganda moja, bunduki itampasukia mwanangu usoni. Naogopa. Naandika hivyo hivyo: naogopa.

Alhamisi, 19 Oktoba
Amemaliza sanduku zima. Nilipokuwa naye asubuhi hakufuta hata moja — alikuwa Lyle wangu, anapiga mluzi. Ila kwenye baruti alifunga mlango. Hataki kusimamiwa.

Nimejaribu kwa utani: mwaka huu Renae anunue za dukani, wewe upumzike mzee. Kanitazama kama nimemtukana. “Mwanangu apige risasi za watu, na mimi nipo hai?” Ameandika jina la Renae kwenye kifuniko cha sanduku. Mwandiko umepinda.

Nimekwenda kuosha vyombo.

Ijumaa, 20 Oktoba
Renae amefika mchana. Kanikumbatia, kaninusa mikono. “Harufu ya kondoo! Basi msimu umefika, mama!” Nilitaka kumvuta kando, lakini baba yake hakumbanduka — mara hema, mara buti, mara ule mlima wa mwaka jana. Wanaondoka sasa hivi kwenda kambini.

Walipotoka kupakia gari, nimelichukua sanduku mezani nikalizika kwenye pipa la unga. Niko stoo. Naandikia juu ya pipa lenyewe.

Wamerudi ndani. Lyle anafungua kabati, anafunga, anafungua lile lile. “Nililiweka hapa. Haki ya Mungu nililiweka hapa.” Renae anasema si kitu baba, tutanunua njiani. Afadhali! Nendeni basi, nendeni.

Hawaendi. Lyle amekaa, nimesikia kiti. Anasema kwa sauti ambayo sijaisikia kwake tangu nimjue: “Nisamehe, mwanangu. Kichwa changu siku hizi hakinisikii.”

Hajawahi kukiri. Wiki nzima nilitaka akiri. Na hili ndilo pekee ambalo hakulisahau!

Renae analia. Lyle ananiita, anauliza kama nimeliona. Nina unga mpaka viwikoni. Nyayo zake hizo, zinakuja huku —